Mtani Niliyemfuta

Jumanne, 10 Juni

Paspoti sita kabla ya saa nne. Mmoja alikuja na mtoto mchanga asiyetaka kufumbua macho. Nimepiga picha kumi na saba, zote amelala. Mama yake akasema basi zipeleke hivyo hivyo. Nikamwambia mama, uhamiaji hawapokei usingizi.

Upepo wa kiangazi umeanza. Vumbi la mtaa wetu wa Kanyenye linaingia hadi ndani ya begi la lenzi, na zipu imefungwa.

Programu ya kusafishia picha imejisasisha yenyewe, imekula bando la wiki nzima. Haikuniuliza. Nafungua asubuhi, vitufe vimehama kama wapangaji. Cha kukatia picha nimekitafuta dakika kumi. Ila mambo mapya yamo, lazima nikiri. Inabadilisha anga. Inaondoa mng'ao wa kioo. Inatafuta watu kwa sura: unaionyesha uso mmoja, inakuletea kila picha yenye uso huo, hata za miaka ya nyuma. Na inatoa watu. Mtu kapita nyuma ya maharusi, unamzungushia duara, unabonyeza, hayupo. Ukuta unabaki mzima.

Nimejaribu anga kwenye picha ya mahafali. Imeniwekea mawingu ya pwani, yamenona, yana mvua tele. Juni, Tabora! Nimewarudishia wahitimu anga yao.

Alhamisi, 12 Juni

Bibi harusi wa Jumamosi amekuja kuchagua picha za albamu, na wifi yake wa kutoka Dar. Picha arobaini. Mzee Kibwana yumo katika ishirini na tatu.

Niandike vizuri, maana hasira hii nina mwaka wa ngapi sijui naimeza. Mzee Kibwana ni Mzaramo. Sisi ni Wanyamwezi. Ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Alikuja Tabora kijana, kazi ya reli, akaoa hapa, akastaafu hapa, sasa anatengeneza majiko ya mkaa nyuma ya soko. Hakuna harusi wala msiba wetu asiofika. Msibani analala njiani mbele ya jeneza, hainuki mpaka apewe kitu. Harusini anaiba mwiko wa pilau, anajifunga kanga ya mama mkwe, anakaa kwenye kiti cha bwana harusi na kudai maji ya kunawa. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria.

Mimi nakasirika. Kimya kimya. Miaka ishirini na miwili napanga watu, nasubiri mwanga, nikibonyeza tu, kichwa chake hicho hapo. Mimi mwanamke mzima ananiita mpagazi wangu. Namwita mla madafu. Mdomoni nacheka.

Wifi wa Dar akauliza huyu babu ni nani, mbona kaharibu picha zote, si mnaweza kumtoa siku hizi. Nimemtoa. Mara ishirini na tatu. Alipokuwa yeye sasa kuna pazia, kuna maua, kuna ukuta wa bluu. Picha zimetulia. Raha niliyoipata ni aibu kuiandika, lakini imeandikwa.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala hakukuwa na wateja. Nilikuwa nachambua harusi za zamani nizipandishe kwenye ukurasa wa studio. Programu imeshaujua uso wa Mzee Kibwana tangu jana. Ikaniuliza, kwa Kiingereza chake cha adabu: mtu huyu yumo katika picha mia tatu na kumi na sita, aondolewe kote?

Nilicheka peke yangu hadi jirani wa duka la vitenge akachungulia.

Nikaona huu ndio utani niliokuwa nausubiri. Yeye anatufanyia kila siku, sisi tunamfanyia lini? Nimfute Tabora nzima, halafu nimwite aone harusi zilivyokuwa nzuri bila yeye. Atapiga kelele, atanidai kuku, mji mzima utacheka. Diski imejaa, kwa hiyo nikaiambia iweke picha mpya juu ya zile za awali. Ikauliza, una hakika? Nina hakika. Imefanya kazi mpaka magharibi.

Wiki ijayo namwita.

Jumatatu, 16 Juni

Amekuja kabla sijamwita.

Akaanzia mlangoni, kama kawaida yake: "Wewe mpagazi, bado upo? Wenzako wote wamefika Bagamoyo na mizigo." Nikamjibu aliyewapokea mizigo kule akaila ni babu yake. Tukacheka. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kompyuta niigeuze aone kazi.

Kisha akakaa. Huwa hakai.

Akaniambia habari za Bi Mwajuma, mkewe. Ana miaka mitatu kaburini. Akasema sauti yake anayo, hata namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kumtuma dukani. Uso ndio umeanza kumtoroka. Unakuja nusu, akitaka kuutazama vizuri unaondoka. Nyumbani ana picha moja tu, ya kitambulisho, na pale amenuna kama aliyekosewa na serikali. Bi Mwajuma hakupenda kamera. Alikuwa anaikwepa, hilo nalikumbuka mwenyewe.

Anataka ile ya harusi ya Hawa, kule Igalula, miaka tisa iliyopita. Aliponyakua sanduku la bibi harusi, akalitwika kichwani na kupita nalo mbele ya watu kwa mwendo wa mpagazi. Bi Mwajuma alikuwa pembeni anacheka. "Nimemchekesha mara nyingi," akasema, "lakini wewe ulimdaka mara moja tu."

Nikamwambia njoo Jumatano.

Alipotoka nikaifungua. Harusi ya Hawa, ua wa nyumba, jua la saa kumi. Bibi harusi yupo. Mashangazi wapo. Mzee Kibwana hayupo, sanduku halipo. Sanduku lile lilikuwa limemziba bwana harusi uso, kwa hiyo programu imemtungia uso mwingine, kijana mzuri, sijapata kumwona. Na pembeni kulia Bi Mwajuma, mkono kifuani, macho yamefumba, pengo la jino liko wazi. Anacheka. Mbele yake kuna ukuta mtupu.

Nimekaa na picha hiyo sijui muda gani. Mteja wa paspoti aligonga mara mbili.

Jumanne, 17 Juni

Nimetafuta kila mahali. Diski ya nje: zilezile zilizofutwa, kwa sababu mimi mwerevu nilifanya kazi humohumo. Memori kadi za miaka ile nimezitumia upya mara mia. Ukurasa wa studio haujafika harusi za miaka hiyo.

Nimempelekea diski fundi wa kompyuta karibu na stendi. Amekaa nayo saa tatu nzima. Akasema ingekuwa umefuta tu, ningeokoa. Wewe umeandika juu yake. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

Picha mia tatu na kumi na sita. Leo nimezipitia, siyo zote. Kuna msiba wa baba yangu mdogo ambapo kundi zima la wanaume linatazama chini, kwenye mchanga, wanacheka na machozi yanawatoka. Kwenye mchanga hakuna kitu. Siku ile alilala pale na kuiga mkoromo wa marehemu. Ndiyo mara ya kwanza watoto wa marehemu kucheka tangu wapate habari. Mimi mwenyewe nilicheka. Nimesahau vipi?

Jumatano, 18 Juni

Amekuja. Nimesema umeme ulikatika.

Umeme haukukatika. Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu. Akaitazama. Akaniambia basi kesho kutwa.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimefanya jambo la kijinga.

Programu inaweza pia kurudisha. Unaandika unachotaka, inachora. Nikaandika mzee mfupi, mweusi, kofia ya kiua, sanduku kichwani, anatembea kwa madaha. Ikaniletea mzee wa heshima, ndevu zimechanwa, amelishika sanduku mkononi kama anasubiri ndege. Nikakataa. Ikaniletea mwingine, sanduku kichwani, anatabasamu kama wa tangazo la dawa ya meno. Nikakataa. Wa tano au wa sita alifanana kidogo. Usingemjua, ungesema ndiye.

Shida ilikuwa kwa Bi Mwajuma. Yule wa kuchora hachekeshi. Amesimama vizuri, kanzu imenyooka, na mama wa watu anamkatikia mbavu. Ilionekana kama anamdharau mgeni.

Ningeweza kumpa hiyo. Macho yake yana ukungu, ana miaka sabini na kitu, pengine asingejua. Niliifikiria hiyo kwa dakika nyingi kuliko ninavyopenda kuandika. Kisha nikaitupa, nikaenda kusimama mlangoni nitazame watu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemwambia.

Alikuja baada ya swala, amevaa kanzu safi, kofia yake ileile. Nikamwekea kigoda. Nikageuza kompyuta, nikamwonyesha picha ilivyo, nikamwambia yote. Programu, wifi wa Dar, siku ile ya Ijumaa. Nikamwambia ulikuwa utani. Nilipolisema neno hilo nikaona lilivyo dogo.

Akasogea karibu na kioo. Akamtazama mkewe. Akaniuliza sanduku limekwenda wapi. Nikamwambia limefutika nalo. Akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nangoja matusi. Nilimwomba Mungu mzee anitukane. Aite watu, adai mbuzi, anilalie mlangoni siku tatu. Akainuka, akakisogeza kigoda mahali pake, akasema, "Ahsante sana, mama. Mungu akubariki na kazi yako."

Mama! Miaka ishirini na miwili hajaniita mama.

Jumamosi, 21 Juni

Amepita asubuhi na toroli la majiko. Akasimama kabisa. "Umeamkaje, mama? Watoto hawajambo?" Nikasema hawajambo. Akasema haya, kazi njema.

Watu wasiojua wangeona mzee mwenye adabu. Mtani akikuheshimu amekufungia mlango. Mtukane mtani wako mchana kutwa, hakuna neno. Mwambie "samahani" na "tafadhali," ndipo mtu anakaa chini na kujiuliza amekosa nini. Mimi sina haja ya kujiuliza.

Mchana nimempelekea kuku. Ndiyo faini ya mtani tangu zamani, na huwa anaipokea kwa kelele, anamkagua kuku mbawa, anauliza mbona amekonda kama mwenye nyumba. Jogoo mzuri, mwekundu. Saa kumi jogoo amerudi, miguu imefungwa vizuri kwa kamba mpya, na salamu: mzee anashukuru sana, ila usijisumbue, mama.

Nimelia mbele ya jogoo.

Jumapili, 22 Juni

Sikufungua. Nimefua. Nimepika maharage yakaungua.

Nikiwa naanua nguo ndipo nikakumbuka madaftari. Zamani, kabla watu hawajaanza kutaka picha kwenye simu, nilikuwa naandika kila picha kubwa niliyosafisha, nani kaichukua na ya namba ngapi. Yako juu ya kabati, panya wameanza nayo. Nimeyashusha yote sakafuni. Harusi ya Hawa ina ukurasa na nusu. Bibi harusi alichukua za kwake na mumewe, zote mbili mbili, wamenyooka. Shangazi moja. Mjomba moja ya kundi.

Na chini kabisa, mwandiko wangu wa haraka: Mama Hawa, ya sanduku, kubwa, na fremu.

Nimepiga simu. Namba haipatikani.

Jumanne, 24 Juni

Igalula. Nimepanda gari la asubuhi, nimeshuka karibu na stesheni, nimeulizia nyumba ya Mama Hawa kwa kila aliyekuwa amesimama. Mwanamke wa tatu alikuwa Mama Hawa mwenyewe, ana ndoo ya karanga kichwani.

"Mama Picha! Umezeeka!" Shikamoo yangu akaimeza na marahaba moja fupi, akanivuta mkono hadi kwake. Hakuniuliza nimefuata nini mpaka nilipomaliza uji.

Picha ipo. Ukutani, sebuleni, peke yake, inatazamana na dirisha. Nikamuuliza zile nyingine za harusi ziko wapi. Akacheka. Ndoa ya Hawa ilidumu miaka miwili, yule bwana alimfanyia mambo ambayo Mama Hawa hakutaka kuyataja mbele ya uji. Alizishusha picha zote. Hii aliiacha kwa sababu bwana harusi hana uso, ana sanduku. "Mungu ambariki yule Mzaramo," akasema. "Harusi ya mwanangu ninayo, na yule mshenzi simwoni."

Nikamwonyesha kwenye simu ile iliyoharibika, na kijana mzuri aliyetungwa na programu. Akaiangalia sana. Akasema huyu angalau angefaa.

Kuhusu Mzee Kibwana nilimweleza pia. Hakucheka. Akasema, "Sasa umemfuta mtani, msibani kwako atatuchekesha nani?" Nikamwambia ndiyo maana nimekuja.

Sasa balaa. Bati lilivuja masika ya juzi, picha imelowa, imegandia kwenye kioo. Ukiivuta, uso wa Mzee Kibwana unabaki kwenye glasi. Nimejaribu pembeni kwa ukucha, rangi ikaanza kuinuka, nikaacha. Ilibidi niipige ndani ya fremu. Mama Hawa akasimama nyuma yangu na kitenge cheusi amekitanua mikono yote miwili kuziba mwanga wa dirisha, amechoka, anasema haraka basi wewe, mabega yangu si ya Hawa. Nimepiga hamsini. Nyingi zina kivuli. Katika zote nipo mimi, kwenye kioo, na kamera usoni, nimesimama juu yao kama mzimu.

Amenifungia karanga. Gari la kurudi lilichelewa, nimefika na giza. Nimechoka na nina furaha ya kuogopa.

Jumatano, 25 Juni

Kwanza nimenunua diski mpya. Picha za Igalula nimezihifadhi mara tatu, mahali patatu, kabla ya kugusa chochote.

Kisha nikaiomba programu itoe mng'ao wa kioo. Nilikuwa siiamini tena. Ikazunguka, ikazunguka. Dirisha la Mama Hawa likatoka. Kitenge kikatoka. Mimi nikatoka, kamera na mikono na kilemba changu, taratibu kuanzia juu. Safari hii aliyefutwa ni mimi. Nimefurahi kufutwa.

Na wao wakabaki. Mzee Kibwana yuko katikati, magoti yamekunjwa, makalio nje, sanduku la mabati la maua mekundu kichwani, midomo ameisukuma mbele kama anapuliza pembe ya msafara. Hawa anamtazama kwa jicho la pembeni, anataka kukasirika na ameshindwa. Na Bi Mwajuma sasa ana cha kucheka.

Nilidhani naijua picha hii. Niliipiga mimi, siku ile nilinung'unika kwamba imeharibika. Leo naona ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga harusi ile. Labda mwaka ule wote.

Programu imeniambia kuna doa la unyevu shavuni kwa mzee, iliondoe? Hapana. Imeniambia kuna mtu anayeziba watu wa nyuma, imtoe? Nimecheka kwa hasira. Hapana. Nimeingia mpaka kwenye mipangilio nikakizima kitu hicho kabisa, kisiniulize tena.

Nimeisafisha kubwa, karatasi nzuri. Imekauka juu ya meza.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekwenda kwake na bahasha. Mlango una kufuli. Majiko yamefunikwa turubai. Jirani anasema amekwenda Bukene kwa binti yake, aliondoka Jumapili na treni ya Mwanza. Atarudi lini? Hajasema. Alibeba begi kubwa.

Nimeuliza begi kubwa kiasi gani. Jirani akanitazama.

Ijumaa, 27 Juni

Bado.

Simu ya mzee imezimwa, na namba ya binti yake siijui. Ningeweza kuwapa watu wa treni bahasha. Sitaki. Nataka kumpa mwenyewe, hata akinishukuru.

Jumapili, 29 Juni

Harusi, watu mia tatu. Nimepiga picha za familia mistari minne, wote wamenyooka, hakuna aliyepita mbele. Kila uso uko wazi. Walipoona kazi wamesema Mama Picha leo umetulia.

Wakati wa kutoka bibi harusi, sanduku lake likachukuliwa na shemeji mmoja, akaliweka ndani ya gari, akafunga mlango. Basi. Wazee wawili walitazamana. Mama wa bibi harusi alikuwa ameshika kitambaa, amejiandaa kulia, na hakukuwa na mtu wa kumchekesha katikati, kwa hiyo alilia moja kwa moja mpaka gari likapotea. Nimepiga na hiyo.

Nilimtafuta Mzee Kibwana kwenye kila fremu. Ni mazoea.

Jumatatu, 30 Juni

Nimepita kwake mara mbili. Kufuli.

Najiambia mtu akienda kwa binti yake si kosa. Ana haki. Bukene kuna wajukuu. Mtu wa miaka ile akiondoka mji kwa kimya namna hii, ni nani wa kumdai? Mimi siwezi kumdai chochote.

Nimekumbuka siku ya mazishi ya Bi Mwajuma. Sisi Wanyamwezi ndio tuliopaswa kumtania mzee, ilikuwa zamu yetu. Wengine walifanya, mmoja alijifunga turubai la majiko yake. Mimi nilisimama nyuma na kamera nikisema niko kazini. Hilo nalo naliandika.

Jumatano, 2 Julai

Amerudi. Amekuja mwenyewe saa nane mchana, na begi lake, kutoka stesheni hata nyumbani hajafika. Akasema, "Hujambo, mama. Jirani yangu amenipigia simu, anasema unanitafuta."

Nilimpa bahasha.

Akaitoa picha. Akaipeleka mbali, akaileta karibu, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Akaomba kigoda. Nikamsogezea. Nje jirani wa vitenge alikuwa anabishana na mteja bei ya kitenge, na mimi nilikuwa nasikia kila neno lao na silielewi hata moja.

Aliweka kidole gumba juu yake mwenyewe, akajifunika, yeye na sanduku. Akamtazama mkewe hivyo, peke yake, muda mrefu. Akatoa kidole. Akakirudisha. Akatoa.

"Unaona," akasema, "ukinitoa mimi, huyu mwanamke anaonekana kichaa."

Nikasema naona.

"Miaka thelathini na nane nimesimama hapo, watu wasije wakamsema."

Mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama ni kicheko au ni kilio, na sikutaka kujua. Nilichukua kitambaa nikafuta lenzi ambayo ilikuwa safi. Baadaye akajipangusa uso kwa kofia, akauliza hili doa shavuni ni la nini. Nikamwambia ni mvua ya Igalula. Akauliza na mguu wake wa kushoto umekwenda wapi. Nikamwambia fremu iliukata.

"Miaka yote hii," akasema, "hata kubeba kamera hujaweza. Ndiyo maana babu zako walipewa chumvi wabebe, pembe za ndovu walinyimwa."

Nikamwambia ashukuru kichwa kimebaki, maana ndani hakuna kitu. Sauti yangu haikutoka sawa. Alijifanya hajasikia.

Ile kubwa ataipigilia ukutani. Akataka na nyingine ndogo, ya kuingia mfuko wa shati. Nimeisafisha palepale, nikaikata kwa mkono na mkasi, akiwa amenisimamia juu ya bega, anasema nakata kama mlevi. Akaichukua kabla haijakauka vizuri, akaitia mfukoni, akabeba begi lake.

Ameondoka bila kusema ahsante.